Saa Ya Mutu, Mukanda Ya Mungine



Miye nilisoma kilimo. Munanizoea na mambo ya mahindi na mbolea. Leo nawaomba ruhusa niongee ju ya braseleti ya saa, ule mukanda wa chuma wenye kushika saa ku mukono. Na zaidi niongee ju ya tabia ya kutosha mukanda wa saa moja ya bei na kuuweka ku saa ingine yenye kufanana nayo.

Najua kuko wenye watacheka: "Huyu hana kazi, anatuletea mambo ya masaa ya wapatroni." Mucheke, hakuna shida. Lakini hii kesi iliingia mu jamaa yetu hapa Likasi, ikatosha machozi ya mutu muzima, na ndani yake kulikuwa minerval ya mutoto. Miye mwenyewe niliitwa kutoa maneno "sababu umesoma", na maneno ya kwanza yenye nilitoa yalikuwa mabaya. Njo maana naandika.

Kesi yenyewe iko hivi. Mama yangu alikuwa na kaka wawili, Yomba Mukubwa na Yomba Mudogo, wote mafundi wa mashini. Mwaka 1978, walipoanza kupata mushahara muzuri, wakaenda pamoja kwa mufanyabiashara mumoja wakanunua Omega Seamaster mbili. Zilikuwa za jamii moja lakini hazikuwa mapacha: ya mukubwa ilikuwa na uso wa rangi ya feza, ya mudogo uso wa bluu. Mikanda ilikuwa ya chuma yote mbili, upana mumoja, na kwa mutu asiyejua, sura moja.

Yomba Mukubwa alivalaka ile saa miaka 31. Alipokufa mwaka 2009, nilikuwa mutoto, lakini nakumbuka siku ya mwisho ya kilio. Mujane wake akasema saa itakuwa ya kitinda-mimba, muvyala wangu, mwenye alikuwa na miaka 8. Basi Yomba Mudogo akasimama, akasema: "Saa ni ya mutoto, siikatai. Lakini munipe ile mukanda yenye ilikuwaka inagusa mukono yake. Miye nitamupa mutoto ya kwangu." Hakuna mutu aliyepinga. Wakaita fundi wa saa kutoka soko ya Kikula, akabadilisha mbele ya watu wote. Yomba Mudogo ana mukono mwembamba, basi fundi akatosha viungo viwili ili mukanda umukae vizuri. Vile viungo viwili viliingia mu kasanduku kake.

Miaka 14 ikapita. Mwaka 2023 muvyala wangu anamaliza mwaka wa pili, minerval inakosa, mama yake anasema: tuuze saa. Anaipeleka Lubumbashi kwa mununuzi mwenye kujua. Ule mununuzi anafungua kifungio, anageuza vipande vya mwisho vya mukanda, anasoma namba ndogo zenye kupigwa ndani, anasema: "Kichwa na mukanda havikuzaliwa pamoja." Bei inakatwa karibu nusu. Mutoto anarudi Likasi, anaenda kwa baba mudogo wake kuomba mukanda ya baba yake. Yomba Mudogo anakataa.

Hapo njo waliniita. Na miye, na diplome yangu, nikasema: "Yomba, kila kitu kirudi ku asili yake. Mukanda ni wa ile saa." Nilifikiri nimeongea kama Sulemani. Yomba akaniangalia sana, akasema: "Mwipwa, mulisoma mingi. Ule mutu wa Lubumbashi anasema hii mukanda haiko ya kwangu. Miye najua mukono yenye iliivalaka miaka 31. Kati yetu nani njo anajua asili?"

Sikupata jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma ju ya masaa usiku na usiku. Haya yenye nawaandikia njo jibu lenye sikutoa siku ile.

Tuanze na chuma chenyewe. Saa ya mukono ina pembe nne, mbili juu na mbili chini. Kati ya pembe mbili kuko nafasi, na mu ile nafasi mukanda unashikwa na kapini kadogo kenye risori ndani. Ukifinya kapini, mukanda unatoka. Kwa mutu mwenye mukono tulivu, kazi ni dakika tano. Kwa mutu wa haraka, chombo kinateleza na pembe inabaki na kidonda chenye hakiponi. Namba ya kwanza ya kuangalia ni ile nafasi. Mufano ni Submariner ya Rolex: ile ya zamani kidogo ina milimeta 20, ile iliyotoka mwaka 2020 ina milimeta 21. Milimeta moja tu! Mukanda wa ile ya zamani unaingia ku ile mupya lakini unacheza, na mukanda wa ile mupya hauingii kabisa ku ile ya zamani.

Na hata nafasi ikiwa moja, bado. Kipande cha mwisho cha mukanda kimekatwa kufuata mugongo wa saa yake. Kikienda ku saa ingine, kinaacha upenyo, ama kinapanda juu ya ukingo, ama kinasukuma kapini pembeni. Jicho la mutu wa kawaida halioni, lakini jicho la fundi linaona upesi. Masaa mengine hayabadilishiki kwa urahisi: Royal Oak ya Audemars Piguet, yenye Gérald Genta aliichora na ikatoka mwaka 1972, mukanda wake umeungana na mwili kama mukia wa mamba. Ukiutosha, mukanda wa kawaida hauingii.

Sasa, ju ya nini watu wanajisumbua? Sababu mukanda njo unasomwa wa kwanza. Mutu akisimama meta tatu mbele yako, hasomi jina lenye liko ku uso wa saa. Anaona mukanda: unangaa namna gani, viungo ni vikubwa ama vidogo, ni chuma ama zahabu. Rolex wanajua hii mambo kushinda wote. Wana mikanda mitatu mikubwa ya chuma na zahabu. Oyster, ya mwisho wa miaka ya 1930, viungo vitatu vipana, nguo ya kazi. Jubilee, ya mwaka 1945, walipofanya sikukuu ya miaka 40 ya kampuni, viungo vitano, vya katikati vidogo na vya muviringo, nguo ya misa. Na President, ya mwaka 1956, yenye walitengeneza kwa ajili ya saa ya Day-Date, ya zahabu ao platini tu. Jina linatosha: hata mutoto anajua ni mukono wa nani wanaufikiria.

Angalia vile walicheza na hii lugha. Mwaka 2014 wakatosha GMT-Master II yenye ukingo mwekundu na bluu, lakini ya zahabu nyeupe tu, na mukanda wa Oyster. Zahabu nyeupe kwa jicho ni sawa vile chuma. Mwaka 2018 wakatosha ya chuma, rangi zile zile, lakini wakaipa Jubilee. Basi kwa miaka kazaa, mutu wa mbali alijua tajiri na tajiri zaidi kwa kuangalia viungo: vitano ni chuma, vitatu ni zahabu. Wenye ya chuma wakaanza kutafuta mikanda ya Oyster kila fasi. Mwaka 2021 kampuni yenyewe ikafungua mulango: ya chuma ukaweza kuipata na Oyster ao na Jubilee. Kitu chenye jana walikuwa wanakiangalia kwa jicho baya, kesho yake kikakuwa halali na kikawekwa mu katalogi.

Hapa nataka kutoa maoni yangu ya kwanza. Kwa macho, Jubilee ku ile saa ya rangi mbili ni kosa. Ukingo wenyewe unaongea sana, mwekundu na bluu, na mukanda nao unaongea sana, viungo vyote vile vinangaa. Ni sawa vile kilio chenye kuwa na wapiga ngoma wawili wenye hawasikilizani. Oyster inanyamaza, inaacha ukingo uongee. Kwa Datejust ni kinyume: uso umetulia, na Jubilee inaupa maisha. Mwenye kubadilisha kwa sababu hii, miye namushukuru. Wasapeur wa Kinshasa na Brazzaville walituonyesha zamani: uzuri uko mu kupatanisha. Wana kanuni yao ya rangi tatu, usipite tatu. Lakini hakuna msapeur mwenye atakuambia suti, kiatu na mukaba vyote vitoke kwa fundi mumoja ndipo viwe vya kweli. Griffe bila akili ya kupatanisha, kwao ni aibu.

Maoni ya pili yananisumbua zaidi, ju yanatugusa siye. Kuko kubadilisha tatu, na tusizichanganye.

Ya kwanza ni ya mukono: mukanda unakufinya, unavuta nywele, haukupendezi, unaweka ingine. Hakuna zambi.

Ya tatu, niiruke mbele, ni ya soko: unabadilisha kusudi muuzwaji asijue. Mukanda wa kweli unautosha unauuza peke yake, unaweka wa kuiga ku saa ya kweli, ama unaweka mukanda wa kweli ku kichwa cha bongo kusudi kifungio chenye alama kimudanganye mununuzi. Hii ni wizi. Wafaransa wana neno la saa yenye imejengwa na vipande vya masaa mengine: saa "iliyooleshwa". Neno zuri kupita kitendo, ju mu ndoa ya kweli wote wawili wanajulikana majina.

Ya pili iko kati: ni ya kusomwa. Hauuzi kitu, haukuiba, lakini unataka mwenye kukuangalia asome kitu kingine. Mwenye chuma anataka asomwe zahabu. Na hapa, wandugu, tuseme ukweli, wengi wetu njo tunaishi. Mangapi kati yetu walienda ku interviu na koti ya yaya, kiatu ya rafiki, na ku mukono saa yenye tunajua ilitoka wapi? Miye nilifanya. Nilienda Lubumbashi, kilometa 120, kuomba kazi ku muradi wa kilimo, na saa ya kuazima. Mukanda ulikuwa mupana, ukawa unashuka ku vidole kila mara nainua mukono. Nilipitisha interviu nzima na mukono mumoja chini ya meza. Waliniuliza ju ya udongo wa Katanga, na udongo mwekundu wetu naujua vile najua jina langu, lakini akili yangu yote ilikuwa ku viungo vya chuma. Sikupata kazi. Siwezi kusema ni saa iliniangusha. Lakini najua nilikuwa najibu na mukono mumoja.

Kosa lenye naona mu kubadilisha kwa kusomwa njo hili. Hakuna mutu mwenye anaibiwa, lakini mwenye kuvaa anakuwa mulinzi wa kitu chake. Analinda upenyo wa milimeta moja usionekane. Na mutu mwenye kulinda upenyo hawezi kutumika na mikono miwili.

Wazee wetu waliijua hii hesabu kutupita. Miaka ya abacost, toka mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka Mobutu aliporuhusu kravati mu hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, shingo lilikuwa limefungwa: hakuna kravati, hakuna suti ya Kizungu. Waangalie wazee mu picha za ile wakati: wote nguo moja, lakini mukono wa kushoto umewekwa mbele kidogo, kwa makusudi. Miye nafikiri saa ilibeba kazi yote yenye kravati iliacha. Ju ya ile, mukanda wa chuma wa Yomba Mukubwa haukuwa urembo tu. Ulikuwa unasema: huyu ni fundi, mushahara unaingia, watoto watasoma.

Sasa tuje ku lile neno lenye mununuzi wa Lubumbashi alitupiga nalo: orijinali. Kichwa na mukanda "havikuzaliwa pamoja". Miye nilisoma nikakuta hata zenye zinauzwa kama orijinali hazikuzaliwa pamoja vile tunafikiri. Kule Genève kulikuwa nyumba moja ya kutengeneza minyororo na mikanda, Gay Frères, iliyoanza mwaka 1835. Nyumba nyingi kubwa za saa ziliagiza mikanda kwao. Mikanda ya Rolex ya zamani ilitoka kwao. Mukanda wa ile Royal Oak ya 1972, yenye nimesema umeungana na mwili, nao waliutengeneza wao. Rolex iliinunua ile nyumba mwaka 1998 tu. Basi kwa miaka mingi saa ya orijinali ilikuwa kichwa cha nyumba moja na mukanda wa nyumba ingine, zikikutana kiwandani. Zilioleshwa tu mapema, na mbele ya mushahidi mukubwa.

Na tukienda mbali zaidi, tunafika hapa kwetu. Shinkolobwe iko kilometa kama 20 tu na Likasi. Madini yake yalivumbuliwa mwaka 1915. Toka mwaka 1922 yalikuwa yanapelekwa Olen, Ubelgiji, kutoshwa radiamu, na yalikuwa na utajiri hata viwanda vya radiamu vya Marekani vikashindwa bei. Ile radiamu ilifanya nini? Pamoja na kazi ya hospitali, ilichanganywa mu rangi yenye kuwaka usiku ku nyuso za masaa. Wanawake wa New Jersey wenye kupaka ile rangi, wakichonga burashi na midomo, waligonjwa na kufa mu miaka ya 1920. Nyumba za saa zilitumia radiamu mpaka miaka ya 1960. Dunia yote inajua Shinkolobwe ju ya bomu ya Hiroshima ya 1945. Wachache wanakumbuka kama mbele ya bomu, udongo wa jirani yetu ulikuwa tayari unasomesha watu saa mu giza.

Na ndani ya saa, risori kubwa yenye kuiendesha, wengi wanaitengeneza na aloi yenye kobalti mingi. Ile yenye kampuni ya Elgin ya Marekani ilivumbua ina kobalti karibu asilimia 40. Kobalti! Ile yenye tunaona ikipita na malori kila siku, na yenye Shituru iliijua mbele ya dunia kuanza kuilia ju ya betri za magari.

Sisemi kama Omega ya Yomba ina kobalti ya Shituru. Sina namna ya kujua, na bongo haisaidii mutu. Nasema tu: mutu akisimama mbele yangu na neno "orijinali", namuuliza, toka wapi? Toka kiwanda? Toka kwa mwenye kuchora mukanda? Toka mu shimo lenye madini yalitoka? Soko limechagua siku moja mu maisha ya saa, siku yenye iliacha kiwanda, likasema asili ni hapo. Ni uchaguzi wa soko. Unafaa kwa bei. Lakini hauwezi kumufunga Yomba mudomo.

Hapa elimu yangu ilinisaidia mwishoni. Siye watu wa kilimo tunafanya kazi ya kuunganisha kila mwaka: tunakata kitawi cha mwembe muzuri, tunakiweka ku shina la mwembe wa kienyeji wenye mizizi ya nguvu. Sheria yake ni ile ile ya saa. Lazima viwe vya jamii moja: mwembe hauendi ku muparachichi. Lazima ngozi ya kijani ya ndani, ile yenye kukua, ikutane pande mbili bila upenyo, ukiacha upenyo kitawi kinakauka. Na ikishika, hakuna mutu mwenye anasema ule muti ni wa bongo. Matunda yake ni mazuri sawa na ya ule muti wenye kitawi kilitoka.

Lakini kuko sheria ya ingine, ya muuza miche. Ku kila muche mwenye kuheshimu kazi anafunga kikaratasi: kitawi ni aina gani, shina ni aina gani. Kile kikaratasi njo tofauti kati ya fundi na mwizi. Mukulima akinunua bila kikaratasi, anapanda, anangoja miaka mitatu ama minne, na muembe unazaa maembe ya nyuzi zenye ata mbuzi haitaki. Kuunganisha si kosa. Kosa ni kuficha kiungo.

Nilirudi kwa Yomba Mudogo na hii akili. Sikumuambia tena "rudisha ku asili". Nilimuambia: "Yomba, hii mukanda ina maisha mawili. Kwa Omega, ni ya kichwa cha feza. Kwa siye, ni ya kwako, ulipewa mu kilio mbele ya watu. Wote wawili munasema kweli. Swali moja tu: leo, nani ana hitaji?" Akanyamaza. Nikaogopa nimeharibu mara ya pili. Muvyala wangu alikuwa amekaa pale, akasema: "Baba mudogo, kama haiwezekani, niuze na bei yenye walisema, nitafanya mwaka moja tu halafu nitangoja." Hakulia. Aliongea tu vile.

Yomba akavua saa yeye mwenyewe. Hakungoja fundi. Mikono ya fundi mashini, miaka 70 karibu, akafinya tupini na ncha ya kisu kidogo, hakuacha kidonda ata kimoja. Akaweka mukanda ya kaka yake ku saa ya mutoto, na ya kwake akairudisha ku saa yake ya bluu. Machozi yakashuka wakati alikuwa anaangalia ile yake ya zamani. Akasema: "Ona, nilisahau kama ilikuwa nzuri."

Mununuzi alipoona saa, akafurahi, halafu akahesabu viungo. "Kunakosa viwili," akasema. Muvyala wangu akapigia Yomba simu. Jibu lake nililisikia mwenyewe: "Mwambie vile viwili viko mu mapumuziko." Hakutoa, na hakuna mutu aliyemulazimisha. Niliandika karatasi ndogo, mutoto akasaini: saa ilinunuliwa 1978, mukanda ulitoshwa 2009 na kurudishwa 2023, viungo viwili vilibaki mu jamaa. Mununuzi akasoma, akapunguza kidogo, akalipa. Aliniambia kitu chenye sikutazamia: katika kazi yake, karatasi yenye kusema ukweli mubaya inamupa usingizi kuliko saa yenye kusemwa haina kosa.

Minerval ikalipwa. Muvyala wangu yuko mwaka wa mwisho.

Basi hukumu yangu njo hii, kama mutu wa udongo na si fundi wa saa. Badilisheni mikanda. Muweke Oyster fasi ya Jubilee, Jubilee fasi ya Oyster, ngozi fasi ya chuma, mukipima vizuri milimeta na kipande cha mwisho. Saa si sanduku ya maiti yenye haifunguliwi. Lakini kila mara uulize maswali mawili: kuko upenyo wenye nalazimika kuulinda? Na mutu akiniuliza, naweza kusema bila kushusha macho? Ukijibu vizuri yote mawili, umeunganisha muti. Ukishindwa la kwanza, utaishi na mukono chini ya meza. Ukishindwa la pili, unauza muche bila kikaratasi.

Na kama siku moja unapita Kampala, uwe na tahazari kubwa: ukiomba Rolex pale barabarani, watakuletea chapati yenye kufungwa na mayai. Ile, ndugu zangu, ni orijinali kabisa, na hakuna mutu atakuuliza namba ya mukanda.

Yomba anavaa sasa uso wa bluu na mukanda wake wa bluu. Siku ya Mungu, mbele ya misa, anafungua kasanduku, anaangalia vile viungo viwili, anafunga. Halafu anaangalia saa, anasema tumekawia.